Silaha Hulala Wapi: Miezi Saba na Sefu ya Bastola

Sefu ninayoizungumzia ni ya chuma, rangi ya kijivu, yenye vibonyezo vya nambari mlangoni, kitasa cha kuzungusha, na funguo mbili za dharura zilizofungwa katika kifuko cha nailoni. Upana wake ni sentimita 35, kimo chake 25, na uzito wake kilo 9 na ushei. Niliinunua kwa shilingi 14,500 katika duka moja la vifaa vya usalama katikati ya mji wa Mombasa, ambako muuzaji, kijana mwenye ulimi mtamu, alinihakikishia kwamba hiyo ndiyo inayonunuliwa na wenye leseni za silaha na kwamba haifunguki hata kwa nyundo. Nimekaa nayo miezi saba, na kwa sasa haihifadhi tena kile nilichoinunulia.

Mume wangu ni sonara. Kwa miaka mingi alikuwa akifunga duka baada ya alasiri na kurudi nyumbani kwa miguu akiwa na mkoba wenye mali ya watu: bangili zilizoletwa kutiwa kufuli, pete za posa, mikufu ya wafu ambayo warithi wake wanataka igawanywe kwa mizani. Vijana wenye mapanga walipomvamia mfanyabiashara mwenzake mchana kweupe, aliamua kuomba cheti cha kumiliki silaha. Alichukuliwa alama za vidole, akatafuta cheti cha tabia njema, akahojiwa, akafunzwa kulenga shabaha, akaulizwa mara kwa mara ni kwa sababu gani anaitaka. Nakiri kwamba muda wote huo nilikuwa nikiomba kimoyomoyo akataliwe. Hakukataliwa.

Usiku wa kwanza bastola ililala juu ya kabati, ndani ya boksi la viatu, chini ya kanzu zake za Idi. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, na anayezijua nyumba za huko hahitaji kuelezwa zaidi. Tunaishi na mavyaa, watoto watatu, na msichana wa kazi. Watoto wa wifi hushinda kwetu wakitoka madrasa. Wageni kutoka Lamu hufika bila taarifa na kulala sebuleni wiki nzima. Mtu hupiga hodi akiwa tayari ameshaingia. Kitu kilicho juu ya kabati katika nyumba kama hiyo hakijafichwa, bali kimesubirishwa tu. Kesho yake asubuhi nilikwenda dukani.

Nianze na mazuri ya sefu, kwa kuwa yapo. Vibonyezo vyake vinasomeka hata gizani, betri zake nne ndogo zinapatikana kila duka la rejareja, na katika miezi yote hiyo sikuzibadilisha ila mara moja. Stima ikikatika haidhuriki. Ukikosea nambari mara tatu inapiga kelele na kujifunga kwa muda. Mlango wake unafunguka kwa sekunde chache, na mume wangu alilipenda hilo kuliko yote. Kwa pasi za kusafiria, hati ya nyumba na dhahabu ya kuvaa harusini, ningempa mtu ushauri wa kuinunua bila kusita.

Kasoro ya kwanza niliiona mwezi wa pili, nayo ni kutu. Watu wa bara hawaijui chumvi ya mji huu. Imetafuna mizinga ya Ngome ya Yesu pamoja na unene wake wote, seuze bawaba za bati. Rangi ilianza kuvimba pembeni mwa mlango, kisha ikamenyuka. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba ile zulia laini iliyobandikwa ndani, ambayo muuzaji aliisifu kuwa inalinda silaha isikwaruzike, hunyonya unyevu na kuushika. Msimu wa mvua za masika mume wangu alikuta madoa ya rangi ya chai kwenye chuma cha bastola yenyewe. Niliibandua zulia yote kwa kisu, nikaweka vifuko vya kunyonya unyevu, na tangu hapo hali ikawa afadhali.

Kasoro ya pili ilikuwa ukutani. Maelekezo ya sefu, ambayo yameandikwa kwa lugha tatu na Kiswahili hakimo, yanataka ifungwe kwa bolti nne zinazotanuka ndani ya ukuta wa zege. Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliojengwa na watu waliokufa kabla ya babu yake mume wangu kuzaliwa. Fundi alipotoboa, keekee iliingia kama inayotoboa mkate wa mofa, na unga mweupe ukamwagika hadi chini. Bolti zilishika kwa siku tisa. Siku ya kumi nilivuta mlango kwa nguvu kidogo, na sefu nzima ikaning'inia kwa bolti moja. Sefu ya kilo 9 isiyofungwa mahali ni mkoba wa chuma: mwizi hana haja ya kuifungua, ataibeba kwapani na kuifungulia kwake kwa raha zake. Muuzaji wa Mombasa anayeuza bidhaa ya kufungwa ukutani bila kumwuliza mnunuzi ukuta wake ni wa nini, kwa maoni yangu, hajui anachouza.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonitoa usingizini. Nilimwita fundi wa funguo ili anichongee funguo ya akiba. Mzee huyo aliiangalia sefu, akaizungusha mkononi, kisha akaniomba radhi kabla ya kufanya lolote. Ilikuwa tupu wakati huo. Bastola ilikuwa kiunoni mwa mwenyewe, kazini. Mzee aliigonga juu kwa ubavu wa ngumi huku mkono wa pili ukizungusha kitasa. Mara ya kwanza haikufunguka, wala mara ya pili. Mara ya tatu mlango ulifunguka, bila nambari na bila funguo. Alinieleza kwamba kinachoshikilia kitasa katika sefu za bei hii ni pini ndogo inayosukumwa na springi, na kwamba pini hiyo ikishtuliwa kwa wakati wake huruka yenyewe. Hakusema kwa majivuno. Nilipogeuka nilimwona mwanangu wa miaka 11 amesimama mlangoni, mkoba wa shule ungali mgongoni, akitazama kwa makini ambayo sijapata kuyaona akifanya hesabu.

Nilirudi dukani jioni ile ile. Kijana mwenye ulimi mtamu aliniambia, "Mama, hilo mtoto hawezi kulijua," nami nikamjibu kwamba wangu ameshalijua. Akanionyesha maandishi ya chini ya risiti, kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi, kisha akaniletea picha ya sefu nyingine ya shilingi 62,000 ambayo ingebidi iagizwe. Sikuwa na uwezo huo, na hata ningekuwa nao, nisingeununua ukuta mpya wa kuifungia.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kuusikiliza kwa sikio jingine ule mjadala wa silaha za raia ambao haukomi barazani kwetu. Kila jioni, baada ya kahawa chungu, wapo wasemao kwamba kila mtu mwenye mali aruhusiwe bunduki, na wapo wasemao kwamba raia asiguse kabisa. Wa upande wa kwanza hutaja Westgate, nao wana hoja: Septemba 2013, watu 67 walipouawa katika jumba lile la maduka Nairobi, miongoni mwa waliotangulia kuingia na kuwatoa watu walikuwamo raia wenye bastola za leseni, Abdul Haji akiwa mmoja wao, na walionusurika siku ile hawatakusikiliza ukiwaambia kwamba bastola ya raia haina faida. Wa upande wa pili hutaja Likoni. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua askari sita, wakatoroka na bunduki zaidi ya 40, na mauaji yaliyofuata Kusini mwa Pwani tunayakumbuka sote tuliokuwa na umri wa kukumbuka.

Mimi huona kwamba visa vyote viwili vinaulizwa swali lisilo lake. Bunduki za Likoni zilikuwa halali kabisa. Zilikuwa za serikali, mikononi mwa watu waliofunzwa na kuapishwa. Kilichokosekana ni mahali pa kuzilaza pasipoweza kuvunjwa. Bastola za Westgate nazo zililala mahali fulani usiku wa kuamkia siku ile, na usiku mwingine wote kabla yake. Mwenye leseni huenda asifyatue risasi hata moja maishani nje ya uwanja wa shabaha, lakini kila usiku, pasipo kukosa, silaha yake italala, na nyumba nzima italala pamoja nayo. Sijamsikia mtu barazani akiuliza italala wapi.

Hapa Kenya silaha si haki ya raia. Katiba ya 2010 haina kifungu cha namna hiyo. Kilichopo ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo humruhusu mtu mmoja, kwa cheti cha kuhuishwa kila mwaka, akishaonyesha sababu ya maana na kwamba akili yake ni timamu na hana mazoea ya ulevi. Mwishoni mwa 2018 serikali ilifika hadi ya kuwataka wenye vyeti wote nchini wachunguzwe upya katika siku 90. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye silaha aiweke salama wakati wote. Ila neno "salama" halina kimo wala uzito, na kijana wa dukani analitafsiri kwa shilingi 14,500.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwenda mbali zaidi katika hili, kila mmoja kwa njia yake. Uingereza, ambayo ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997 baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane, huwatuma polisi nyumbani kulikagua kabati la bunduki kabla cheti hakijatolewa. Japani hutaka bunduki ifungiwe kwake na risasi zifungiwe kwake, na polisi wajue zilipo. Uswisi, ambayo watetezi wa silaha hupenda kuitaja kwa kuwa askari wake wa akiba hukaa na bunduki majumbani, iliacha mwaka 2007 kuwapa risasi za kwenda nazo nyumbani. Marekani ilielekea upande mwingine. Mwaka 2008, katika kesi ya jiji la Washington na mlinzi mmoja aitwaye Heller, Mahakama ya Juu iliondoa si marufuku ya bastola peke yake, bali pia kanuni iliyotaka silaha iliyo nyumbani iwe imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli kwenye kifyatulio, kwa hoja kwamba mtu hawezi kujilinda kwa silaha iliyofungwa. Majaji walikuwa watano kwa wanne, na niliposoma hoja ya wale watano nilimsikia mume wangu.

Maana hiyo ndiyo hoja yake, neno kwa neno. Nilipomwambia kwamba sefu yenye kufunguka kwa sekunde tatu lazima ibadilishwe, aliniuliza: "Na mwizi atanisubiri nitafute funguo?" Si swali la kipuuzi. Vijana wa magenge ya Wakali Kwanza na Wakali Wao, walipokuwa wakitamba Kisauni, hawakuwa wakija mmoja mmoja wala kugonga mlango kwa adabu. Lakini nilimjibu kwamba hofu yetu hapa Mombasa, tangu hapo, ni ya panga zaidi kuliko ya risasi, na kwamba mtu aliyeamshwa usingizini akazungukwa na vijana kumi hana hakika ya kuifikia bastola yake kabla yao. Wakiichukua, basi panga limeongezwa bastola. Kasi ya kuifungua haimtambui mwenyewe. Kinachomfungukia yeye upesi kitamfungukia upesi mwanawe, mgeni wake, na mwizi wake.

Lipo na jambo ambalo watu wetu hawapendi kulitamka. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojiua wenyewe, na tafiti za huko za miaka mingi zimeonyesha kwamba hatari hiyo ni kubwa zaidi katika nyumba yenye bunduki kuliko isiyo nayo, na kwamba hupungua kwa vijana pale bunduki na risasi zinapofungiwa mbalimbali. Sisi husema mambo hayo ni ya Wazungu. Mimi nimelea vijana, nimeona wanavyofunga mlango wa chumba na kunyamaza siku tatu baada ya matokeo ya mtihani, na sidhani kwamba huzuni ina kabila.

Tulipatana, baada ya wiki mbili za maneno, kwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Changamwe, ambaye kazi yake ndiyo ninayotaka kuisifu katika tathmini hii. Hakuwa na picha za kuonyesha wala hakusema kitu chochote hakifunguki. Aliuliza maswali: ukuta ni wa nini, sakafu ni ya nini, watoto wana umri gani, nani atakaa na funguo. Alitutengenezea kasha la bamba la milimita 5, bawaba zikiwa kwa ndani zisipate kukatwa, likiwa na vyumba viwili vyenye kufuli mbalimbali, kimoja cha bastola na kimoja cha risasi. Alilipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili kabla ya rangi ya juu. Ukuta hakuugusa. Alilifunga kwenye sakafu ya zege ya stoo ya chini, sehemu pekee ya nyumba iliyojengwa upya, kwa bolti nne ndefu zinazokazwa kutoka ndani, hivyo haziguswi kasha likiwa limefungwa. Alitutoza shilingi 23,000 pamoja na kulifunga, na alichelewa siku kumi na moja kuliko alivyoahidi, jambo ambalo kwa fundi wa Mombasa nalihesabu kuwa ni kuwahi.

Kasha hili ni baya la sura. Ni zito hata wabebaji wawili wa mkokoteni waliomba nyongeza. Kulifungua vyumba vyote viwili na kuitia bastola risasi, tulipopima kwa saa, ilimchukua mume wangu karibu dakika moja na nusu, naye hajaacha kulalamika. Mavyaa, ambaye ana kasha lake la mbao la njumu za shaba alilolitoa Lamu akiwa bi harusi, amelitazama mara moja tu na kusema kwamba linafaa kuwekwa kuku. Fundi wa funguo aliligonga kila upande kwa ngumi, kisha kwa nyundo ya mpira, akasema sasa nilale.

Suala la funguo halikuisha kwa urahisi. Cheti ni cha mtu mmoja, si cha nyumba. Mke asiye na cheti akikaa na funguo ya kasha lenye bastola, anakaribia sana kuwa mwenye silaha asiye na kibali. Kwa hiyo sina funguo, na sikuitaka. Funguo moja ya kila chumba huvaliwa na mume wangu shingoni, ila akienda kuoga huitundika kwenye msumari, na msumari huo nimeung'oa mara mbili. Za akiba zimo katika bahasha iliyotiwa sahihi juu ya gundi, ndani ya sefu kubwa ya dukani kwake. Mungu akimchukua kabla yangu, kazi yangu ni kuwaita polisi waje wachukue kilicho chao, na nimemwambia asiniachie wasia mwingine kuhusu kitu hicho.

Kwa anayekusudia kununua, basi: ile sefu ya dukani ya vibonyezo naipa nyota mbili kwa silaha na nne kwa hati. Iigonge wewe mwenyewe dukani kabla ya kulipa, mbele ya muuzaji, akikukataza, toka. Kazi ya fundi wa Changamwe naipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeipunguza kwa ajili ya siku kumi na moja. Chukua vipimo vya bastola pamoja na magazini zake, yaani vikasha vyake vya risasi, kabla hujakwenda, maana kasha letu la kwanza lilitoka fupi kwa sentimita mbili na ikabidi likatwe upya. Tia kufuli mafuta kila baada ya wiki tatu wakati wa upepo wa kusi, na usibandike zulia ndani hata ukipewa bure.

Ile sefu ya kijivu sikuitupa. Iko chumbani kwa mavyaa, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, na ndani yake mna hati ya shamba la minazi, vidonge vyake vya presha na bangili sita. Nambari ya siri inajulikana na nyumba nzima, wakiwamo wageni wa Lamu.